Umeachishwa kazi? Hesabu siku kabla ya kuhesabu fedha

Mfanyakazi akifika kwenye dawati la msaada wa kisheria, swali lake la kwanza huwa ni atalipwa shilingi ngapi. Sisi swali letu la kwanza ni jingine: barua ulipewa lini? Kwa Tanzania Bara, mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ya kazi, kama mshahara usiolipwa, saa za ziada au likizo iliyonyimwa, ina siku 60 tangu ilipozuka. Ukipitisha muda huo, hata dai la kweli kabisa linaweza kutupwa kabla hata hujaulizwa lilivyokuwa.

Siku 30 zinahesabiwa tangu kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kukuachisha, au alipoikataa rufaa yako ya ndani. Lakini wanaochelewa kwa sababu ya rufaa ni wachache. Wengi wanachelewa kwa sababu ya ahadi. "Subiri bosi arudi safari." "Mhasibu anaandaa hesabu zako." "Njoo mwisho wa mwezi." Mtu muungwana anasubiri, anaona aibu kumshtaki mtu aliyemlea kazini miaka minane, na wiki ya sita inamkuta bado yuko kwenye benchi la mapokezi. Nionavyo mimi, ahadi tamu zimewanyima watu haki zao kuliko vitisho. Mazungumzo hayakatazwi, tena ni mazuri. Ila jaza Fomu Namba 1 ya Tume kwanza, kisha endelea kuzungumza. Ada ya kufungua mgogoro hakuna.

Aliyechelewa anaweza kuomba kusamehewa ucheleweshaji. Tume itapima amechelewa kwa muda gani, sababu ni ipi, dai lenyewe lina uzito kiasi gani na mwajiri ataathirika vipi. Aliyelazwa hospitali akawa na vyeti ana la kusema, mradi aeleze siku zote alizochelewa, na si zile za wodini peke yake. "Sikuijua sheria" kwa kawaida haimsaidii mtu.

Kwenye fomu yenyewe kuna mtego ambao hauzungumzwi sana, nao ni jina la mwajiri. Watu wanaandika jina la kwenye kibao cha dukani, au jina la meneja, au lile ambalo mtaa mzima unalitumia. Kibao kinaweza kusomeka hoteli fulani wakati kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ina jina tofauti kabisa. Shauri linasikilizwa, mfanyakazi anashinda, na siku ya kukazia tuzo, yaani kutekeleza uamuzi wa Tume, inaonekana kwamba aliyeshindwa hayupo kisheria. Chukua hati yako ya mshahara, mkataba, au taarifa yako ya michango ya NSSF, uandike jina kama lilivyo humo, herufi kwa herufi. Na ukishamkabidhi mwajiri nakala ya fomu, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri au imesainiwa kuwa imepokelewa. Bila hiyo, utaanza na ubishi wa kama alipewa au hakupewa.

Je, asiye na mkataba wa maandishi ana haki? Anayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa za ajira yake kwa maandishi, na asipoweza kuzionyesha mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unakuwa wake yeye. Akisema hukuwa mwajiriwa bali kibarua tu au mtoa huduma, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo ina vigezo vyake: nani alikupangia saa na namna ya kufanya kazi, nani alikupa vifaa, unamtegemea yeye kwa kipato chako, umemfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Kigezo kimojawapo kikiwepo, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Dada wa kazi za nyumbani naye yumo.

Tatizo linalotusumbua zaidi ni kuachishwa kwa mdomo. Mfanyakazi anafika getini asubuhi, mlinzi anamwambia jina lake limeondolewa kwenye orodha. Au meneja anampigia: "Kaa nyumbani kwanza, tutakuita." Hakuna barua. Baada ya wiki mbili mwajiri anaandika kwamba mfanyakazi amekuwa mtoro. Utoro wa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu, kwa hiyo ukimya wako unageuzwa kuwa ushahidi dhidi yako. Ni kweli kwamba mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa alikuachisha kwa haki, lakini akikana kabisa kwamba alikuachisha, wewe ndiye utakayeulizwa uonyeshe kuwa uliachishwa.

Dawa yake ni kuandika siku hiyohiyo. Hata ujumbe wa simu unatosha kwa kuanzia: "Meneja, leo tarehe 4 saa mbili kasoro asubuhi nimefika kazini, mlinzi amenizuia getini akisema ni maelekezo yako. Niko tayari kufanya kazi. Naomba unijulishe kwa maandishi kama nimesimamishwa au nimeachishwa." Akikujibu, amejifunga kwa maneno yake. Asipojibu, bado wewe si mtoro. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, meseji na barua pepe ni ushahidi unaopokelewa, kwa hiyo usiifute hiyo meseji, na simu usiiuze.

Tuje kwenye haki yenyewe. Kuachishwa kwa haki kuna miguu miwili. Wa kwanza ni sababu halali: utovu wa nidhamu, kushindwa kazi, au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli, yale yanayoitwa kupunguzwa kazini. Wa pili ni utaratibu, na hapa ndipo waajiri wengi wanapoanguka hata pale ambapo mfanyakazi ameiba kweli. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinadai uchunguzi ufanyike kwanza, mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na asikilizwe kwenye kikao ambacho mwenyekiti wake hakuhusika na tukio. Ana haki ya kuingia na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Barua ya kujieleza uliyopewa saa nne asubuhi na kutakiwa uijibu kabla ya saa sita, kisha jioni ukafukuzwa, haijatimiza hata nusu ya hayo. Na ukisimamishwa kupisha uchunguzi, mshahara wako unaendelea wote.

Kwenye kupunguzwa kazini mwajiri haleti orodha ya majina siku moja na kuwaaga watu. Anatakiwa atoe notisi ya nia yake, atoe taarifa, na ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hakuna chama, kuhusu sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua wa kuondoka, na malipo. Mkutano wa dakika kumi kantini si mashauriano.

Kuna na hili la kuandikishwa barua ya kuacha kazi. "Andika mwenyewe uondoke kwa heshima, usiharibu jina lako." Ukiandika kwa hiari yako, umeacha kazi, hakuna cha kuachishwa tena. Sheria inamtambua mtu aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, kwa mfano anayenyanyaswa kingono, lakini kuthibitisha hilo ni kazi nzito na mzigo unaanza kwako. Kama hutaki kuacha kazi, usiandike kwamba unaacha kazi. Ukibanwa ofisini na kusaini, wapelekee malalamiko ya maandishi siku hiyo au kesho yake. Ukinyamaza miezi mitatu, itakuwa shida kuaminiwa.

Aliye chini ya miezi sita kazini anahitaji tahadhari, maana sehemu ya sheria inayolinda dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimgusi. Hilo halimwachi mikono mitupu. Mshahara wa siku alizofanya kazi na notisi ni vyake, na kama aliondolewa kwa ujauzito, dini, kabila au hali ya VVU, huo ni ubaguzi, mgogoro unaojitegemea wenye siku zake 60. Mwenye mkataba wa muda maalumu uliokwisha kwa tarehe yake kwa kawaida hajaachishwa, isipokuwa kama mwajiri alimjengea matarajio ya msingi kwamba ungehuishwa. Mkataba ukivunjwa katikati, hapo ana madai.

Sasa fedha. Tuchukue mfanyakazi wa siku sita kwa wiki, mshahara wa msingi 520,000 kwa mwezi, aliyekaa miaka sita na miezi minne. Sheria inagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa siku sita. Siku yake inakuwa takriban shilingi 20,000. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka 10. Miezi minne ya ziada haihesabiwi. Anapata takriban 840,000. Anaongeza notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, likizo ambayo hakuchukua, mshahara wa siku alizofanya kazi, cheti cha utumishi, na kama aliajiriwa mbali na hapo, usafiri wa kumrudisha alikoajiriwa pamoja na mizigo yake. Aliyefukuzwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu hana kiinua mgongo, lakini malipo ya likizo na siku alizofanya kazi hayafutwi na kosa lolote.

Kwa mtu huyohuyo, saa ya kawaida ni takriban 2,667, kwa kuwa wiki ya kazi ni saa 45, na saa ya ziada ni mara moja na nusu, yaani takriban 4,000. Saa za ziada zisizidi 50 ndani ya wiki nne. Walinzi ndio wanaoumia zaidi hapa. Saa 12 kwa usiku, siku sita kwa wiki, ni saa 72, na wanaambiwa kuwa ndivyo kazi ya ulinzi ilivyo. Zamu ya saa 12 inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, lakini kwa siku zisizozidi tano kwa wiki, saa za kawaida zisivuke 45 na za ziada zisivuke 10. Na kila saa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mlinzi mwenye daftari dogo la kuandikia muda wa kuingia na kutoka anakuja kwetu na kesi. Asiye nalo anakuja na kumbukumbu, na kumbukumbu hubishiwa.

Makato ya hasara nayo yana kanuni. Keshia akipungukiwa, mwajiri hawezi kuamka tu na kukata. Amweleze kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu ilivyopigwa, ampe nafasi ya kupinga, naye akubali kwa maandishi. Hata hapo, makato yasizidi robo ya mshahara wake. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa mwajiri peke yake. Ukiuona kwenye makato yako, uliza.

Mtumishi wa umma asianzie CMA. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 anatakiwa kwanza amalize ngazi za ndani ya utumishi, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2005 na vyombo vyake, kwa hiyo siku na fomu zilizotajwa hapa haziwahusu walioko Unguja na Pemba.

Mbele ya CMA, hatua ya kwanza ni usuluhishi, unaopewa siku 30. Msuluhishi haamui nani mkweli. Anatafuta mnachoweza kukubaliana. Mwajiri anaweza kuweka mezani shilingi milioni moja siku hiyohiyo, na mtu mwenye kodi ya nyumba ya miezi miwili anaona milioni ni nyingi. Inawezekana ndiyo stahili yako, inawezekana ni theluthi yake. Nenda na hesabu yako imeandikwa, na kabla ya kusaini soma kama kuna maneno "malipo ya madai yote", kwa sababu makubaliano hayo yanafunga na kubadili mawazo baadaye hakusaidii. Usuluhishi ukishindikana unaingia kwa mwamuzi, ambaye anasikiliza mashahidi na kutoa tuzo: kurudishwa kazini, kuajiriwa upya, au fidia inayopimwa kwa miezi ya mshahara, juu ya yale malipo ya kisheria. Asiyeridhika ana wiki sita kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Na mwajiri akikaa kimya tu bila kulipa wala kuomba mapitio, tuzo inapelekwa mahakamani hapo ikakaziwe kama hukumu, na mali ya mwajiri inaweza kukamatwa kulipia deni lako.