Masta ya afya ya umma: soma tangazo la kazi kwanza

Anayetaka masta ya afya ya umma aanze na matangazo ya kazi, maelezo ya chuo yatafuata. Serikalini Tanzania, kinachokuingiza kazini ni taaluma ya msingi: udaktari, uuguzi, afya ya mazingira, famasia. Masta hukusogeza baadaye, hasa kuelekea timu ya afya ya halmashauri au mkoa. Aliyetoka sosholojia au uchumi atapata nafasi zaidi kwenye utafiti na miradi. Huko nako kulitikisika Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kwani miradi mingi ya VVU iliishi kwa fedha hizo. Kwa hiyo simshauri mtu ajifunge kwenye ugonjwa mmoja. Ujuzi wa takwimu unahamishika.

Darasani, vyuo havipishani sana: epidemiolojia (namna magonjwa yanavyoenea na sababu zake), takwimu, afya ya mazingira, sera na uongozi, sayansi ya tabia. Mawili ya kwanza ndiyo yenye soko, na ndiyo wengi huyapita kwa kukariri. Ukimaliza bila kuweza kusafisha data kwa programu za takwimu kama Stata au R, kutengeneza dodoso kwenye Kobo (programu ya kukusanya data kwa simu), na kuvuta ripoti ya wilaya kutoka DHIS2 (mfumo wa kielektroniki wa takwimu za afya), cheti kitakaa kabatini.

Tasnifu ndiyo inayowakwamisha watu, na mara nyingi tatizo huanzia kwenye idadi ya washiriki. Karibu kila pendekezo la utafiti linaloletwa limeandikwa washiriki 384. Namba hiyo inatokana na kudhani kuwa hali unayochunguza iko kwa 50% ya watu, uhakika wa 95% na kosa la 5%, yaani jibu linaweza kupishana na ukweli kwa asilimia 5 juu au chini. Ukikokotoa hupata 384.16, ambayo hupandishwa kuwa 385. Lakini kama unachunguza hali iliyo kwa 2% ya watu, kosa la 5% ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Lishushe hadi 1% na utahitaji watu 753. Ukichagua vijiji kwanza, kisha kaya, zidisha tena idadi hiyo, mara nyingi kwa 2, maana watu wa kijiji kimoja hufanana. Na ukitarajia 10% wakatae, gawanya kwa 0.9, usizidishe kwa 1.1: 385 inakuwa 428, siyo 424. Ni watu wanne tu, ila mtahini mkali atauliza.

Halafu vibali. Kibali cha maadili hakikupi ruhusa ya kuingia kijijini. Barua hushuka kutoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha halmashauri, kata, mtaa au kijiji. Ukibadilisha dodoso baada ya kupitishwa, unarudi kamati ya maadili. Anza mapema, na chagua swali ambalo data yake inafikika.

Kwa anayependa milipuko ya magonjwa, kuna mafunzo ya epidemiolojia kwa vitendo, FELTP, yaliyoanza Kenya mwaka 2004 na Tanzania 2008. Ngazi ya juu huchukua miaka miwili, na takriban robo tatu ya muda ni kazini: kufuatilia wagonjwa na waliokutana nao, kama ilivyobidi Kagera Machi 2023 homa hatari ya virusi vya Marburg ilipothibitishwa nchini kwa mara ya kwanza. Ngazi ya mwanzo ni miezi mitatu, mtu anaifanya akiwa kwenye kituo chake cha kazi, na anaweza kuimaliza kabla hajalipa ada ya masta yoyote.