"Katiba si Msahafu": yanayosemwa kuhusu kubadili Katiba, na ukweli wake

"Katiba si Msahafu. Theluthi mbili wakikubali, yamekwisha."

Kauli hii naisikia kila mjadala wa Katiba unapopamba moto, kijiweni kwenye kahawa na hata kwa watu wenye shahada zao. Nusu yake ni kweli. Katiba imeandikwa na watu, na watu wanaweza kuiandika upya. Kosa liko kwenye nusu ya pili.

Ukisoma Ibara ya 98 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano peke yake, utaona kweli yamekwisha: theluthi mbili ya wabunge wote inatosha, na kwa baadhi ya mambo ya Muungano inatakiwa theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar. Mwananchi haulizwi. Lakini wapo waliopitia njia hiyo wakajuta. Mwaka 1933 bunge la Ujerumani, kwa theluthi mbili hizo hizo, lilimkabidhi Hitler na serikali yake mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Ndiyo maana Katiba yao ya 1949 ina kifungu kinachosema kwamba utu wa binadamu na misingi ya dola la kidemokrasia haviguswi, hata wabunge wote wakinyoosha mikono.

India haikuwa na kifungu cha namna hiyo. Mwaka 1973 majaji 13 wa Mahakama ya Juu waliketi pamoja kusikiliza shauri la Kesavananda Bharati, kiongozi wa monasteri ya Kihindu jimboni Kerala aliyekuwa akipinga kuchukuliwa kwa ardhi. Kwa kura saba dhidi ya sita wakaamua kwamba Bunge lina uwezo wa kurekebisha Katiba, ila halina uwezo wa kuharibu muundo wake wa msingi. Mantiki yake naiona ni ya kawaida kabisa. Fundi uliyemwita kuziba bati linalovuja hana ruhusa ya kung'oa nguzo, hata kama ulimwachia funguo za nyumba.

"Hayo ni ya Wahindi na Wajerumani. Huku kwetu hayapo."

Yapo, na yameshagawanya majaji wetu.

Uganda, Septemba 2017, wabunge walirushiana viti na vyuma vya vipaza sauti, kisha maofisa wa usalama wakaingia ndani ya ukumbi na kuwaburuta nje baadhi ya wapinzani. Kilichogombewa ni Ibara ya 102(b), iliyomzuia mtu aliyepita miaka 75 kugombea urais. Desemba muswada wa kuufuta ukomo huo wa umri ukapita kwa kura 317 dhidi ya 97. Ndani yake wabunge walikuwa wamejichomekea zawadi yao wenyewe, yaani kipindi chao kirefushwe kutoka miaka mitano hadi saba. Julai 2018 Mahakama ya Katiba, ikiketi Mbale, iliifuta nyongeza hiyo lakini ikauacha uondoaji wa ukomo wa umri usimame. Mahakama ya Juu nayo ikauacha mwaka 2019, majaji wanne dhidi ya watatu. Kura moja tu.

Kenya ilikwenda kwa namna yake. Mwaka 2021 Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa zilikubali fundisho la muundo wa msingi na kuuzima mpango wa BBI, yaani mpango wa kurekebisha Katiba uliosukumwa na Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga. Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema fundisho hilo halitumiki Kenya, na wengi wakatangaza kwamba limekufa. Watangazaji hao hawakusoma hadi mwisho. BBI yenyewe haikufufuka, kwa sababu majaji walio wengi walisema Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia ambayo Katiba imewatengea wananchi, ile ya kukusanya saini milioni moja. Mlango uliofungwa ni mmoja, ukafunguliwa mwingine unaofika mahali pale pale.

"Ukomo wa muda wa urais unamnyima mpiga kura haki ya kumchagua amtakaye."

Ukomo unambana aliyeshika dola, mwenye polisi, hazina na redio ya taifa. Mpiga kura bado ana watu mamilioni wa kuchagua. Tanzania kikomo kiliandikwa mwaka 1984, Nyerere akiwa bado madarakani, na Mwinyi, Mkapa na Kikwete wote wakaondoka muda wao ulipoisha. Nigeria mwaka 2006 Seneti yenyewe iliukataa muswada ambao ungemfungulia Rais Obasanjo muhula wa tatu.

"Wananchi wakishapiga kura ya maoni, hakuna tena la kuhoji."

Hapa nawaombea Watunisia wasikilizwe. Katiba yao ya 2014 ilisifiwa kila kona. Iliagiza Mahakama ya Katiba iundwe ndani ya mwaka mmoja. Vyama vikavutana juu ya nani awe jaji, miaka ikapita, mahakama haikuundwa. Julai 2021 Rais Kais Saied alipolisimamisha Bunge kwa kutumia kifungu cha hali ya hatari, hapakuwa na chombo cha kuulizwa kama kifungu hicho kinamruhusu. Mwaka mmoja baadaye Katiba mpya, iliyokamilishwa na Rais mwenyewe, ilipelekwa kwa wananchi. Walioikubali walipita asilimia 90 ya waliopiga kura. Waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 30 ya walioandikishwa. Wananchi wapi, basi, ndio waliosema?

"Mahakama ikishaamua, haki imepatikana."

Hili linaniuma zaidi kwa sababu ni la nyumbani. Mchungaji Christopher Mtikila alitaka jambo dogo, kwamba Mtanzania aweze kugombea bila kudhaminiwa na chama. Oktoba 24, 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akampa haki. Serikali ilikuwa imeshapeleka bungeni muswada wa kuifunga njia hiyo, shauri likiwa bado mahakamani. Desemba 2 Bunge likaupitisha. Hukumu haikufikisha hata arobaini yake.

Mtikila akarudi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa haki tena, safari hii ikilipima badiliko lenyewe la Katiba. Serikali ikakata rufaa. Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakasema fundisho la muundo wa msingi si letu, na mgombea binafsi ni suala la kisiasa, liende bungeni. Yaani kwa wale wale waliofunga njia. Akavuka kwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha. Juni 2013 ikasema Tanzania imevunja haki yake, na ikaiagiza irekebishe.

Oktoba 4, 2015 Mtikila alifariki kwa ajali ya gari, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Kwenye karatasi za kura za Oktoba 25, kila jina la mgombea urais lilikuwa na chama pembeni yake. Miaka kumi baadaye, 2025, ikawa vivyo hivyo.