Hasemi, lakini anaumwa

"Bi mkubwa hajijui tena, hata maumivu hayasikii." Niliambiwa hivyo hapa Wete mama alipokuwa ameshanyamaza kabisa, na kwa muda niliamini. Katika dhana zote potofu kuhusu demensia iliyokomaa, hii ndiyo iliyotuumiza zaidi. Ugonjwa unaharibu ubongo, unachukua kumbukumbu na maneno, lakini maumivu hauyachukui. Kila nikimgeuza kumbadilisha kanga, mama alikunja uso na kung'ang'ania ukingo wa kitanda. Nikadhani ni ukaidi. Siku nilipomfunua vizuri nikaona nyonga imekuwa nyekundu: kidonda cha kulalia kilikuwa kinaanza. Asiyeweza kusema hulalamika kwa uso, kwa kuguna, kwa kukataa kuguswa. Mtu kama huyo anahitaji dawa ya maumivu, na ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi.

Wapo wanaosema karogwa au kapandwa na shetani. Ni ugonjwa wa ubongo. Aina yake inayowapata wengi zaidi ilielezwa na daktari Alois Alzheimer tangu 1906. Msomeeni Yasini, inamtuliza. Lakini dawa isiachwe.

Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na tabu, nayo wengi huifikiria ni ya saratani tu, tena ya anayekata roho. Sivyo. Inamhusu yeyote mwenye maradhi mazito yasiyopona, huanza mapema, na huenda pamoja na matibabu mengine. Na mofini, ikitolewa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari, hupunguza maumivu na kupumua kwa tabu. Haimharakishi mtu kufa.

Panapogombanisha ndugu ni kwenye chakula. "Hali, mnamuua kwa njaa, atiwe mpira puani!" Mgonjwa akifika hatua hii hamu ya kula hupungua na kumeza kunakuwa kugumu, ndivyo ugonjwa ulivyo, si uzembe wa anayemuuguza. Mpira haujaonekana kumrefushia maisha wala kuzuia chakula kuingia mapafuni, na wengine huung'oa mpaka wafungwe mikono. Mkalishe wima, uji uwe mzito, kijiko kiwe kidogo, subiri ameze. Akigeuza uso, muache. Midomo ikikauka, ipanguse kwa kitambaa kibichi.

Tena husemwa kuwa binti akichoka hana huruma na mzazi wake. Tiba shufaa humhesabu mlezi pia: alale, asikilizwe, apokewe zamu. Kaka yangu alikuwa akija kumjulia hali na kuondoka. Nikamwonyesha jinsi ya kumgeuza mama kwa shuka bila kumburura, na tokea hapo usiku wa Alhamisi ukawa wake.