Rock Bora Ilishapita? Dhana Zinazonichosha Kila Siku Studio

Wakuu, ukifanya kazi ya kumiksi bendi za magitaa kuna sentensi utaisikia mpaka uiote: "Rock kali ilishapita bana, siku hizi hakuna kitu." Anaisema mpiga besi mtu mzima, anaisema dogo wa miaka 17 ambaye hizo zama anazozililia alikuwa hajazaliwa bado, na anaisema mtu aliyenilipa nimrekodie albamu MPYA ya rock. Huyu wa mwisho ndo ananimaliza kabisa. Unatoa hela yako, unakesha studio wiki nzima, halafu unaniambia muziki unaoufanya ulishakufa? Sasa nimeamua kuandika, anayetaka kubishana asome kwanza.

Dhana kubwa kuliko zote: zamani kila kitu kilikuwa kikali, sasa hivi takataka tupu

Hapana. Unachosikia leo cha miaka ya 60 na 70 kimeshapepetwa. Kwa zaidi ya miaka 50 redio zimepepeta, lebo (kampuni za kurekodi) zinazotoa albamu upya zimepepeta, wapiga kava wanaorudia nyimbo za wengine wamepepeta, watu wa filamu nao wamepepeta, makapi yote yameshapeperuka umebaki mchele mweupe. Halafu wewe unachukua huo mchele unaulinganisha na gunia la mwaka huu ambalo halijaguswa ungo. Hapo hujalinganisha zama na zama.

Twende kwenye 1969, maana ndo mwaka mnaopenda kuutaja. Mwaka wa tamasha la Woodstock, mwaka Led Zeppelin walipotoa albamu zao mbili za kwanza, mwaka Beatles walipotoa Abbey Road. Sawa. Singo (rekodi ndogo ya wimbo mmoja au miwili) iliyoshika namba 1 mwaka mzima kwenye orodha ya Billboard, jarida la Marekani linalopanga chati, ni ipi? Ni Sugar, Sugar ya The Archies. Na The Archies hawakuwa bendi ya kweli, walikuwa vibonzo vya televisheni, waliopiga na kuimba ni wanamuziki wa studio. Huo ndo wimbo mtu wa 1969 alikuwa anaukuta kila akiwasha redio.

Au 1967 kule Uingereza. Beatles wanatoa singo yenye Penny Lane upande mmoja na Strawberry Fields Forever upande wa pili, kwangu mimi hakuna singo iliyowahi kuizidi hiyo, na haikufika namba 1! Iliyoizuia ni Release Me ya Engelbert Humperdinck, wimbo wa taratibu wa mapenzi. Mwaka mmoja kabla, Marekani, wimbo wa kusifu wanajeshi wa Barry Sadler ulikaa wiki 5 nzima namba 1. Hakuna mteja aliyewahi kuja kwangu akasema nataka sauti kama ya Barry Sadler. Umeshapepetwa, umeenda zake, na wewe ukihesabu mazuri ya 1966 huo huuweki kwenye hesabu.

Sasa geuza upande wa pili. Hawa tunaowaita magwiji, enzi zao wengi waliwapita tu. Albamu ya kwanza ya Velvet Underground, ile waliyofanya na Nico 1967, kwenye chati ya Billboard iliishia namba 171. Ya kwanza ya The Stooges 1969, namba 106. Black Sabbath walipotoka 1970 wahakiki waliwaponda vibaya sana, na jarida la Rolling Stone lilikuwa limeshaiponda Led Zeppelin ya kwanza kabla yao. Mwimbaji Nick Drake alifariki 1974 akiwa na miaka 26 na albamu zake tatu zilikuwa zimeuza kidogo mno. Kwa hiyo ungekuwa kijana mwaka 1970 unafuata redio na majarida tu, ungeweza kabisa kukaa kijiweni ukasema muziki umeharibika, na wenzako wangekuunga mkono.

Na kweli walisema hivyo! Hii ndo sehemu watu hawaijui. Rock imezikwa tangu haijafikisha hata miaka 10. Little Richard aliacha rock akaingia kwenye dini 1957, Elvis akaenda jeshini 1958, Buddy Holly akafa kwenye ajali ya ndege tarehe 3 Februari 1959, Desemba ya mwaka huohuo Chuck Berry akakamatwa, watu wakaona basi, ilikuwa fasheni na imepita. Tarehe 1 Januari 1962 Beatles walienda kufanyiwa majaribio na lebo ya Decca wakakataliwa. The Doors walirekodi kitu chao kirefu studio kikaitwa Rock Is Dead, na hiyo ilikuwa 1969, ndani ya hizo zama zenu za dhahabu. Ikaja disko watu wakasema imekufa, vikaja vinanda vya umeme wakasema imekufa, na 2014 Gene Simmons wa Kiss akaliambia jarida la Esquire kwamba safari hii imekufa kweli. Miaka zaidi ya 60 ya matangazo ya msiba na bado mimi nina bendi zinazopanga foleni kurekodi.

Kuna na suala la masikio yenyewe. Wanasaikolojia wanalijua vizuri hili, kumbukumbu zinazong'ang'ania zaidi kwa mtu ni za utotoni mwishoni mpaka ukubwani mwanzoni, kama miaka 10 hadi 30 hivi, na muziki ule unaingia pamoja na marafiki, mapenzi ya kwanza, uhuru wa kwanza, kwa hiyo huupimi kama muziki tena, unapima ujana wako. Na yule dogo wa miaka 17? Utafiti umeonyesha vijana wanabeba pia muziki wa ujana wa wazazi wao, ule uliokuwa unapigwa nyumbani wakikua. Anadhani ametoa hukumu yake mwenyewe kumbe karithi.

Nikubali kitu kimoja maana ni kweli na sitaki kukificha. Rock kuwa katikati ya kila kitu, hilo limepita. Mwaka 2017 vipimo vya kampuni ya Nielsen vya soko la muziki la Marekani vilionyesha hip hop na R&B kwa pamoja vimeipita rock kwa kusikilizwa na kununuliwa. Na kukaa katikati kulileta hela, na hela ilinunua muda. Fleetwood Mac walikaa na Rumours karibu mwaka mzima studio tofauti tofauti, leo bendi nzuri kabisa inanijia na bajeti ya siku chache. Hilo linaniuma na ni hasara ya kweli. Ila kupungua kwa hela sio kupungua kwa vipaji, na nafasi kwenye soko sio ubora. Mnachanganya hivi vitu viwili halafu mnaniletea mimi kama hoja moja.

Ukitaka ushahidi, sikiliza. Mdou Moctar wa Niger, aliyejitengenezea gitaa lake la kwanza kwa waya za breki za baiskeli, sikiliza Afrique Victime ya 2021 mwanzo mwisho halafu uniambie nani kwenye hizo zama zenu alikuwa anapiga solo zenye moto kuliko hizo. Turnstile na Glow On mwaka huohuo. Wet Leg 2022, albamu ya kwanza tu ikaingia namba 1 Uingereza. Fontaines D.C. na Romance ya 2024. Sleep Token 2025 wameingia namba 1 Marekani na muziki mzito ambao nusu ya wateja wangu wanasema hauwezi kuuza.

Halafu hizo zama zenyewe bado hamjazimaliza kuzisikia. Zambia miaka ya 70 kulikuwa na rock ya ajabu, WITCH, Amanaz, Paul Ngozi, magitaa yenye fazi (mkwaruzo wa makusudi) yanalia mpaka raha, na nje ya Zambia karibu hakuna aliyejua mpaka albamu zikaanza kutolewa upya miaka mingi baadaye. WITCH wakarudi na albamu mpya kabisa, Zango, 2023. Sasa unafungaje orodha ya zama bora wakati hata ya 1975 hujaisikia yote?

Dawa yangu ni moja na nampa kila mtu. Chagua mwaka unaoupenda, tafuta chati nzima ya nyimbo 100 za mwaka huo, sikiliza zote bila kuruka. ZOTE. Kisha chukua albamu moja ya mwaka huu, isikilize mara tatu kwa siku tatu tofauti kabla hujatoa hukumu, maana ile ya zamani umeisikia mara elfu na hii umeipa sekunde 30 ukiwa unafanya kitu kingine.

Dhana nyingine: zamani walipiga laivu bila ujanja wowote

Jamani. Mr. Tambourine Man ya The Byrds, 1965, kati ya wanabendi aliyepiga ala ni Roger McGuinn peke yake, waliobaki ni wanamuziki wa kukodi wa studio. Strawberry Fields Forever ni rekodi mbili tofauti, zenye spidi na tyuni tofauti, zimeungwa kwa kuchezea mwendo wa tepu. Kwenye Bohemian Rhapsody Queen walirundika sauti juu ya sauti kwa wiki kadhaa. Auto-Tune yenyewe, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji, imekuja 1997 lakini kuongopea masikio ni kazi ya studio tangu tepu ilipoingia, na sioni ubaya wake. Ubaya ni kuja kwangu umegoma kurudia mstari uliokosea kwa sababu "magwiji hawakuwa wanarudia". Walirudia, tena sana.

Rekodi za sasa zimebanwa, hazipumui

Hii ina ukweli ndani yake. Kuanzia katikati ya miaka ya 90 lebo zilishindana nani ana CD yenye kelele zaidi, kompresa (vifaa vya kubana tofauti ya sauti ndogo na kubwa) zikatumika mpaka ngoma zikakosa nguvu. Californication ya Red Hot Chili Peppers 1999 imepasuka sauti waziwazi, na Death Magnetic ya Metallica 2008 ilibanwa mpaka mashabiki wakagundua toleo lililomo kwenye gemu la Guitar Hero linasikika vizuri kuliko CD.

Lakini hilo ni kosa la kumasta (hatua ya mwisho ya kuiandaa sauti kabla haijatolewa), sio la nyimbo, na pili limepungua, kwa sababu huduma za kustrimu zinasawazisha sauti, wimbo uliobanwa unashushwa tu, hapati faida yoyote aliyeubana. Tatu, na hapa ndo naomba mnisikilize, ile albamu yako ya 1973 unayoisikiliza kwenye simu mara nyingi ni toleo lililomastiwa upya, nalo huenda limebanwa vilevile. Unaisifu kwa kupumua na haipumui. Ukitaka kulinganisha rekodi mbili shusha ile yenye sauti kubwa mpaka zilingane, kwa sababu sikio huwa linachagua yenye kelele zaidi na kuiita bora, hata sikio langu.

Santuri siku zote ni bora

Ni nzuri, ina raha yake, sio bora kiufundi. Besi inabidi iwekwe katikati sindano isiruke, sauti za "s" zinakwaruza, na nyimbo za karibu na katikati ya sahani zinapoteza ung'avu. Kama santuri yako inasikika vizuri kuliko CD ya albamu ileile, mara nyingi ni kwa sababu ilimastiwa kwa upole zaidi. Msifu aliyemasta.

Gibson walifilisika, gitaa limekufa

Gibson, kampuni ya magitaa ya Marekani, waliomba kinga ya mahakama Mei 2018 kwa sababu ya madeni waliyobeba wakinunua biashara za vifaa vya elektroniki, ikiwemo ya spika na hedifoni za Philips. Upande wa magitaa ulikuwa unaingiza faida. Miaka miwili baadaye, 2020, wapinzani wao Fender wakatangaza mauzo makubwa kuliko mwaka wowote wa historia yao. Tuliache hili.

Rock ni muziki wa wazungu

Hapa sina subira kabisa. Sister Rosetta Tharpe alikuwa anachana gitaa la umeme kanisani na kwenye kumbi miaka ya 40. Hound Dog ilirekodiwa na Big Mama Thornton 1952, Elvis kaja nayo 1956. Chuck Berry na Little Richard ndo walioweka msingi ambao kila bendi inasimama juu yake mpaka leo. Kijana mweusi akiniambia anajisikia kama mgeni akishika gitaa la rock nasikitika sana, maana mwenye nyumba ni yeye.

Basi, ombi langu kwa mnaokuja kurekodi. Ukileta nyimbo za mfano niige sauti yake leta tatu, moja iwe ya zamani uipendayo, na mbili ziwe zimetoka ndani ya miaka mitano hii. Kama hizo mbili huna, tutahamisha siku ya kwanza ya kurekodi, tutakaa wote tusikilize mpaka tuzipate.