Kiti cha gemu hakikubebi, kinalidanganya sikio

Kiti changu kinakaa kwenye banda la nyuma, hapa Ngarenaro, Arusha. Ni kiti cha dereva kutoka kwenye gari lililokatwa spea, kimefungwa juu ya fremu ya skwea paipu, na chini yake kuna mota mbili za waipa. Nikiwa kwenye gemu ya rali, nikikanyaga mafuta kinalala nyuma, nikipiga breki kinainama mbele, na kwenye kona ya kulia kinaniegemeza kushoto. Jioni machalii hujaa mlangoni na kila mmoja ana lake la kunifundisha. Mengi wanayosema niliyaamini mwenyewe, kabla sijaunguza vitu.

Linalorudiwa kuliko yote ni hili: “Kikirusha kwa nguvu ndiyo unasikia gari la kweli.”

Panda Hiace ya Tengeru, ufumbe macho. Dereva akiondoka kituoni mgongo unakandamizwa kwenye kiti, lakini mgongo ni shahidi mmoja tu. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo mno za chokaa zilizolala juu ya vinyweleo. Gari likiongeza mwendo, chembe zinachelewa, vinyweleo vinapinda, ubongo unapata habari. Sasa, vinyweleo hivyo hivyo hupinda vilevile kichwa kikilazwa nyuma. Sikio peke yake halijui kama gari limeongeza mwendo au umeegemezwa chali. Macho ndiyo yanayoamua kesi, na macho yako yapo kwenye skrini, ambako barabara inakuja mbio. Kiti kikilala nyuzi chache, taratibu, ubongo unasaini bila kusoma.

Kikilala kwa pupa, mambo yanaharibika. Sikio lina mifereji mitatu yenye majimaji inayopima kuzunguka, na hiyo haidanganyiki kirahisi: inapiga kelele kwamba umepinduliwa. Ndiyo maana walio makini hutoa kisukumo kifupi cha haraka, sentimita mbili tatu, kuashiria tukio limeanza, halafu wanakirudisha kiti polepole kiasi usihisi kinarudi.

Na wanaodai kiti “kinatoa G za kweli” wapige hesabu ya sekondari. Ukilaza kiti nyuzi 20, sehemu ya uzito wako inayokandamiza mgongo ni sini ya 20, yaani 0.34. Theluthi moja hivi ya G moja, yaani nguvu ya uvutano, basi. Gari la kawaida likifunga breki za ghafla kwenye lami kavu hukaribia 1. La Formula 1 hufika kama 5. Hakuna banda la Arusha litakalokufikisha huko, na wala si kazi yake.

“Fundi, waipa ni ya kufuta mvua. Weka stata ya Fuso hapo, inainua nyumba!” Haya niliambiwa na mtu mzima, tena mtaani kule Unga Limited anaheshimika. Nikamwitikia kwa adabu, nikarudi na waipa zangu. Stata ina nguvu, sibishani. Lakini imetengenezwa kuzungusha injini sekunde chache kisha ipumzike. Inavuta mamia ya ampea, na ukiing’ang’aniza muda mrefu unaanza kusikia harufu. Mota ya waipa imezoea kutoka Moshi mpaka Dar mvua ikinyesha njia nzima. Ndani yake kuna gia inayoshusha kasi hadi mizunguko kama 60 kwa dakika na kupandisha nguvu. Ukiifunga mkono wa sentimita 4, ncha yake inatembea sentimita 25 hivi kwa sekunde, na hiyo inatosha kabisa kwa barabara ya changarawe. Mkono wa sentimita 8 unakupa kasi maradufu, ila nguvu inabaki nusu. Hakuna cha bure.

Kitu ambacho hakuna anayenishauri ni mizani, na ndiyo niliyoihangaikia siku nzima. Fremu yangu imekaa juu ya kiungo cha msalaba kilichotolewa kwenye propela shafti, kinachojipinda pande zote. Kabla ya kufunga mota, nilimkalisha mdogo wangu, miguu kwenye pedali, nikawa nakisogeza kiti mbele na nyuma hadi fremu ikatulia yenyewe pasipo mtu kuishika. Hapo mota haibebi mtu tena, inamsukuma tu. Mdogo wangu ana kilo 60. Mjomba mwenye 95 akikaa, mizani inahama, mota zinaanza kulalamika.

“Volti 12 haiui.” Ni kweli hutarushwa nayo. Lakini betri ya gari ikipigwa shoti inamwaga umeme mwingi kiasi cha kuufanya waya kuwa mwekundu, na banda la mbao halihitaji zaidi ya hapo. Kila mota iwe na fyuzi yake, karibu na betri. Kuna na mtego uliokula draiva yangu ya kwanza, ile bodi inayogawa umeme kwa mota. Mota nyingi za waipa hazina waya wa hasi, hasi yake ni bodi yenyewe. Kwenye gari hilo si tatizo, waipa inazunguka upande mmoja. Kwenye kiti mota inageuzwa mbele na nyuma kwa kubadilishana chanya na hasi, kwa hiyo kuna wakati bodi ya mota inakuwa chanya. Ukizifunga mota mbili kwenye fremu moja ya chuma, moja ikienda mbele na nyingine nyuma, umeme unakatiza kwenye fremu. Nilisikia “pap!” moja tu. Siku hizi kila mota imekaa juu ya kipande cha mpira wa tairi, na bolti zake zimevishwa plastiki.

Wengine wanadhani kiti kinafuata usukani. Hapana. Kata usukani gari likiwa limesimama, kiti hakitikisiki. Gemu kama Assetto Corsa au Dirt Rally humwaga namba za mwendo wa gari lenyewe. Programu, mimi natumia SimTools, inazigeuza kuwa nyuzi za kulala, halafu Arduino, bodi ndogo yenye kompyuta yake, inaisukuma mota hadi hapo. Arduino inajua mota imefika wapi kwa kipimo kidogo kinachozunguka nayo, ndugu wa kile kitasa cha kuongeza sauti ya redio. Ndugu, si pacha: vitasa vya sauti vingi havipandi sawasawa, kwa hiyo ukichomoa cha redio ya babu, kiti kitasoma kombo. Nunua kinachopanda kwa mstari.

Waya wa kipimo hicho uliwahi kuchomoka mimi nikiwa juu. Arduino ikaamini kiti hakijafika, ikaendelea kusukuma. Mkono ukazunguka mzima, bolti zikakatika, goti langu likauonja ukuta. Kosa langu, niliulehemu kwa haraka. Tangu hapo kuna vizuizi vya mpira pande zote, na kitufe chekundu mkono wa kushoto kinachokata umeme wa mota moja kwa moja. Hakipitii kwenye kompyuta, maana kompyuta inaweza kuganda au umeme wa nyumba kukatika huku betri bado inasukuma.

“Bila miguu sita si kitu.” Mtambo wa miguu sita inayorefuka na kufupika, ule D. Stewart aliouandikia mwaka 1965, ni mzuri sana, na ndio unaobeba vyumba vya kufundishia marubani. Lakini Edwin Link alijenga chumba chake cha kufundishia marubani huko Marekani mwaka 1929, bila miguu hiyo, kwa mivukuto ya hewa. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kinanda. Mwaka 1934 jeshi la Marekani likanunua vyumba sita vya aina hiyo.

Chalii mmoja wa Sakina alikaa wiki iliyopita. Nilikuwa nimeshusha nguvu ya mwendo hadi asilimia 40, akanicheka: “Kaka, hiki mbona kimelala? Hakifanyi kitu.” Sikumjibu. Alipoingia kona ya tatu nikabonyeza kitufe chekundu, mota zikanyamaza. Akaachia mafuta, akageuka: “Umefanyaje? Gari limezima?”