Gari kutetemeka ukikanyaga mafuta sio lazima iwe balansi ya matairi

Kila mtu gari ikitetemeka utasikia tu "kafanye wili balansi", na hii imani ipo miaka na miaka, watu wanabalansi mara tatu na tatizo liko palepale. Balansi mbovu inafuata spidi, haijali mguu wako. Yaani kama inatetemeka kuanzia 80 hadi 110 hivi, ukiachia mafuta bado itatetemeka mpaka spidi ishuke.

Sasa jaribu hivi, barabara ikiwa wazi panda spidi taratibu, mtetemo ukianza achia mafuta. Mtetemo ukikata hapohapo wakati mshale bado uko kwenye 90, hapo tairi ziache kwanza. Kwa hizi gari zinazovuta mbele kama IST, mimi naangalia sivi jointi (kiungo cha shafti inayozungusha tairi) ya ndani, ile ya upande wa giaboksi. Mle ndani kuna rola tatu zinateleza kwenye kikombe, raba inayoifunika ikichanika grisi inamwagika, kikombe kinachimbika vijishimo, basi ukikanyaga rola zinakwama kwenye vile vijishimo na gari inayumba kushoto kulia, hasa ukiwa na abiria au unapanda mlima. Ile ya nje ndo hulia ka-ka-ka ukikata kona, watu wanazichanganya sana hizi mbili.

Ikitetemeka hata umesimama, breki umekanyaga na gia iko D, hiyo cheki mauntingi za injini (zile raba zinazoishikilia injini) au plagi, sivi jointi haihusiki maana haizunguki.