Mwiba wa nungunungu ni nini hasa?

Mezani kwangu kuna mwiba wa nungunungu. Niliuokota kwenye shamba la mihogo la mjomba wangu, Muheza, asubuhi moja baada ya mbwa wake kurudi nyumbani akilia, miiba mitatu ikining'inia puani na begani. Mjomba aliing'oa kwa koleo huku akimlaani mnyama ambaye hata hatukumwona, kisha akatupa maelezo ambayo wengi tumekua nayo: nungunungu akikasirika hufyatua miiba kama mishale. Sikumbishia. Mjomba habishiwi mbele ya wanawe, hasa akiwa ametoka kuhesabu mashina ya mihogo yaliyolazwa chini usiku.

Ila mwiba wenyewe haukubaliani naye. Una urefu wa shibiri na kidogo, mikanda myeusi na myeupe ikipokezana. Ukiushika ni mwepesi kuliko penseli, kwa sababu ndani umejaa kitu laini cheupe, kama moyo wa bua la mtama. Ncha ya mbele inachoma kweli. Lakini ya kutazamwa ni ncha ya nyuma: hapo mwiba unajibana ghafla na kuwa mwembamba kama njiti ya kiberiti. Ndipo ulipokuwa umeshikwa na ngozi, tena ulishikwa kwa kulegea.

Kwa lugha ya biolojia, huu ni unywele. Umeota kwenye kinyweleo kama unywele mwingine wowote. Umetengenezwa kwa keratini, protini ile ile ya kucha zetu, kwato za ng'ombe na pembe ya kifaru, na ukidondoka huota mwingine mahali pake. Tofauti ni unene na ugumu tu. Chini ya ngozi kuna misuli ya kuisimamisha miiba. Sisi pia tuna vimisuli vya namna hiyo, ndivyo vinavyosimamisha vinyweleo mwili ukisisimka kwa baridi au woga. Nungunungu akishtuka, misuli yake husimamisha shehena nzima, na mnyama wa kilo 15 akaonekana mara mbili ya ukubwa wake. Msuli wa kufyatua hana. Mwiba hutoka kwa sababu umechoma kitu ukang'ang'ania hapo, au ulikuwa umeshalegea na mwenyewe akajitikisa. Mbwa wa mjomba aliifuata miiba, haikumfuata yeye. Hata hivyo mjomba hayuko peke yake, maana Aristotle aliandika habari ya nungunungu kurusha miiba zaidi ya miaka 2,300 iliyopita.

Kabla ya kuendelea, tuelewane tunamzungumzia nani. Kalunguyeye, yule mdogo anayejikunja kama mpira, si mtoto wa nungunungu wala si ndugu yake wa karibu. Yeye ni mla wadudu. Nungunungu ni mgugunaji, yaani yuko kundi moja na panya na kuchakulo, na ndiye mgugunaji mkubwa kuliko wote Afrika. Afrika Mashariki tuna aina mbili kubwa, Hystrix cristata na Hystrix africaeaustralis, na nchini Kenya na Tanzania maeneo yao yanaingiliana. Ukitaka kuwatofautisha, tazama kiunoni juu ya mkia: africaeaustralis ana mstari wa singa fupi nyeupe, cristata hapo ni mweusi. Kwenye misitu ya Kongo, Uganda na magharibi mwa Kenya kuna wa tatu, mdogo zaidi, mwenye mkia ulioishia kama brashi, Atherurus africanus.

Tumrudie yule wa Muheza. Miiba yake haifanani yote. Kuna mirefu myembamba inayopepea, kuna minene mifupi iliyojificha chini yake, ambayo ndiyo silaha yenyewe, na kuna ya mkiani, ambayo mimi naiona ya ajabu kuliko zote. Kila mmoja una kikonyo chembamba, na juu ya kikonyo kuna kitu kama kikombe kirefu kilicho kitupu, wazi upande wa mwisho. Akitikisa mkia, vikombe hivyo hugongana na kutoa sauti ya kayamba. Hilo ndilo onyo la kwanza. La pili ni kupiga miguu chini na kuguna. La tatu ni rangi: nyeusi na nyeupe huonekana hata gizani, na si bahati kwamba nyegere na kicheche nao wamevaa hivyo hivyo. Wanasayansi huziita rangi za onyo, yaani mnyama hajifichi bali anajitangaza. Asiyesikia hayo yote hukutana na la nne: nungunungu humgeuzia mgongo na kumjia kinyumenyume, kwa kasi.

Yatokanayo na hilo la nne yamechunguzwa kwa undani. Mwaka 2019 Julian Kerbis Peterhans na wenzake walichapisha uchunguzi wa visa vya simba waliojeruhiwa na nungunungu barani Afrika, wakikusanya kumbukumbu za tangu karne ya 17 na kupiga picha za skani mafuvu yaliyohifadhiwa kwenye Makumbusho ya Field, Chicago. Kisa kimoja ni cha simba mla watu aliyeuawa mwaka 1965 karibu na Darajani, Kenya, akiwa na mwiba uliozama puani. Walichokiona ni kwamba wanaoumia zaidi ni simba dume vijana, hasa nyakati za ukame mawindo yanapoadimika. Simba mwenye mwiba tayani au puani hawezi tena kumwangusha nyati. Anatafuta kilicho laini, na kilicho laini ni ng'ombe wa watu, au watu wenyewe. Mnyama asiyekula nyama anaweza hivyo kuwa chanzo cha msiba kijijini bila kufika kijijini.

Amerika Kaskazini wana nungunungu wao, Erethizon dorsatum, anayepanda miti. Hapa watu huchanganya, kwa hiyo nalisema wazi: huyo na wetu hawakurithi miiba kwa babu mmoja. Kila ukoo uliigeuza nywele kuwa miiba kivyake. Ndiyo maana miiba haifanani. Wa Amerika ni mfupi na ncha yake ina vishikizi vidogo mno vinavyotazama nyuma, kama vya ndoana; wa kwetu ni mrefu na hauna vishikizi. Mwaka 2012 kundi la watafiti wa Marekani lilipima nguvu ya kuzamisha na kung'oa miiba kwenye nyama, likiweka wa Afrika kama kipimo cha kulinganishia. Ungedhani vishikizi vinakwamisha mwiba kuingia. Kumbe vinausaidia: wa Amerika ulihitaji karibu nusu tu ya nguvu iliyohitajika mwiba usipokuwa na vishikizi, halafu kuung'oa ikawa kazi zaidi. Waliofanya utafiti huo walikuwa wakifikiria sindano za hospitali na gundi za kushikilia majeraha.

Huko huko Marekani, Uldis Roze aliyewafuatilia nungunungu wa milima ya Catskill kwa miaka mingi alichomwa mwiba mkononi. Ulisafiri ndani ya nyama ukatokea mahali pengine, na jeraha halikuoza. Mtu mwingine angeshukuru Mungu akaendelea na shughuli zake. Yeye alikwenda kuchunguza mafuta yaliyopaka miiba, na mwaka 1990 yeye na wenzake wakaeleza kwamba yana asidi za mafuta zinazozuia bakteria. Kwa nini mnyama amtibu adui yake? Jibu lilikuwa kwenye mifupa: takriban thuluthi ya viunzi alivyokagua vilikuwa na mivunjiko iliyopona. Nungunungu wa miti huanguka, na akianguka hujichoma mwenyewe. Dawa ni yake.

Sasa nifike kwenye jambo linalonivutia zaidi. Tukisema mwiba ni ngao tunakuwa tumesema nusu tu, kwa sababu ngao hii imebadilisha mwendo mzima wa maisha ya mnyama. Panya wa nyumbani hubeba mimba wiki tatu, huzaa lukuki, na wengi hawamalizi mwaka. Analiwa na kila mtu, kwa hiyo mkakati wake ni kuzaa haraka. Nungunungu ni mgugunaji pia, lakini wachache wanamthubutu, kwa hiyo ana muda. Mimba yake huchukua miezi mitatu hivi. Huzaa mtoto mmoja au wawili, mara chache watatu, na akifugwa huweza kupita miaka 20.

Mengi ya haya tunayajua kutokana na kazi ya Rudi van Aarde wa Chuo Kikuu cha Pretoria, miaka ya 1980. Alionyesha kwamba africaeaustralis huishi kwa jozi, dume mmoja na jike mmoja pamoja na watoto wao, na kwamba wawili hao hupandana karibu kila siku, hata siku ambazo jike hawezi kushika mimba. Kwa mnyama wa porini huo ni upotevu wa nguvu, isipokuwa kama kazi yake ni kuifunga ndoa yenyewe. Na kwa swali ambalo kila mtu huliuliza kwa sauti ya chini: jike ndiye huanza. Humsogelea dume kinyumenyume, hulaza miiba ya kiunoni na kuinua mkia. Dume husimama kwa miguu ya nyuma bila kumkumbatia.

Na mama je, anajifunguaje? Mtoto huzaliwa na gramu kama 300 hadi 400, macho wazi, meno ya mbele yameshatoka, miiba ikiwa laini na imelala. Ikipata hewa hukauka na kukakamaa ndani ya muda mfupi. Chuchu za mama ziko ubavuni, si tumboni, hivyo ananyonyesha akiwa amelala kifudifudi, tumbo lisilo na miiba likiwa salama chini. Wazazi wote wawili husindikiza watoto wanapotoka kutafuta chakula.

Ngao hiyo ina matundu, ingawa. Uso, koo na tumbo havina kinga, na chui mzoefu anajua pa kupiga. Labda ndiyo sababu nungunungu haiamini mbalamwezi. Nchini Italia, ambako cristata anaishi pia (uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba alipelekwa na watu kutoka Afrika Kaskazini zamani sana), watafiti waliwafuatilia kwa vifaa vya redio na mwaka 1995 wakaripoti kwamba usiku wa mwezi mkali walipunguza kutembea. Wawindaji wa kwetu wangewaambia hivyo bila redio, lakini sawa, sasa imeandikwa.

Mchana wamo shimoni, mara nyingi shimo lililochimbwa na muhanga. Na humo shimoni kuna kitu kinachowashangaza wengi: mifupa. Nungunungu hula mizizi, viazi, magome na matunda, ila meno yake ya mbele hayaachi kukua, na mwili unahitaji kalisi na fosforasi. Basi huokota mifupa mikavu porini, huibeba hadi nyumbani na kuiguguna, akiacha michirizi mipana inayolingana. C. K. Brain wa Afrika Kusini alichunguza shimo la nungunungu huko Nossob, Kalahari, ili ajifunze kuisoma michirizi hiyo. Alikuwa na sababu. Kwenye mapango kama Swartkrans kuna mifupa ya zaidi ya miaka milioni moja, na mtu anayetaka kujua mababu wa binadamu walikula nini lazima kwanza ajue mifupa ipi ililetwa na chui, ipi na fisi, na ipi na nungunungu.

Kuna pia habari ya vishimo. Kwenye jangwa la Negev, Israeli, Yitzchak Gutterman alihesabu mimea inayoota kwenye vishimo ambavyo nungunungu wa India, Hystrix indica, huviacha anapochimba tunguu. Maji ya mvua hukusanyika humo, upepo huleta mbegu na takataka, na mimea huota humo mingi kuliko kwenye ardhi ya pembeni. Huko Nieuwoudtville, Afrika Kusini, penye maua mengi ya tunguu, watafiti walieleza mwaka 2005 kwamba nungunungu ni miongoni mwa wanaoigeuza ardhi ile kwa kuchimba.

Nilimsimulia mjomba haya tukiwa tumekaa barazani, mwiba mkononi, nikaanza na lile la unywele na kumalizia na vishimo vinavyootesha mimea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaupokea mwiba, akauchungulia ile ncha nyembamba ya nyuma kwa muda. "Sawa, ni unywele," akasema. "Basi huyo mtaalamu wako na aje alale shambani siku mbili, aone huyo mnyama anaotesha nini."